Samaki wa bahari, sato wa Mwanza, perege wa Mtera au dagaa: ukiwa Dodoma ununue yupi?

Hili swali limeletwa na watu wa Dar, tuseme ukweli. Kabla serikali haijaanza kuhamia huku kwa nguvu 2016, samaki wa bahari kwa wengi wetu Dodoma alikuwa papa mkavu au ng'onda, wapo kwenye magunia pale sokoni Majengo, wamekauka mpaka ukimgonga mmoja mezani anatoa mlio. Mboga ya nyumbani ilikuwa mlenda, nyama ikipatikana, dagaa, na perege wa bwawa la Mtera wa kukaanga. Sasa hivi pita Kisasa, pita Ilazo, pita Area D, unakuta bucha la samaki lina mafriza matatu, changu wamo, kolekole wamo, jodari wa vipande, ngisi, kamba, na jioni kuna jamaa na jiko lake anachemsha pweza, mtu ametoka ofisini Mtumba, kwenye mji wa serikali, kitambulisho bado kinaning'inia shingoni, anakunywa supu ya pweza zaidi ya kilomita 400 za barabara kutoka pwani.

Sina ugomvi na hilo hata kidogo, mi mwenyewe nainywa. Tatizo ni kwamba mtu akisimama mbele ya friza anachagua kwa bei na utamu basi. Bei ni sawa, utamu kila mtu na ulimi wake, ila kuna maswali mengine matatu: huyu samaki amefikaje hapa, amevuliwa kwa kitu gani, na aina yake inazaliana kwa kasi gani. La tatu ndo zito kuliko yote na sijawahi kusikia mteja analiuliza.

Kwa nini lizito? Kwa sababu miaka yote watu waliamini bahari haiishi, chota tu. Halafu injini zikaja, nyavu za nailoni zikaja, barafu ikaja, meli zinakaa miezi baharini. Mwaka 1974 FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, ilipoanza kufanya hesabu, karibu asilimia 90 ya makundi ya samaki yanayovuliwa baharini duniani yalikuwa yanavuliwa kwa kiwango ambacho samaki wanaweza kujirudishia. Leo zaidi ya theluthi moja ya makundi hayo yanavuliwa kupita uwezo wake. Na mwaka 2022, kwa mara ya kwanza, viumbe wa majini waliofugwa waliwazidi waliovuliwa. Yaani binadamu ameanza kuwafanya samaki kama alivyowafanya kuku, na huku Dodoma hayo mabadiliko yote yanatufikia yakiwa yamegandishwa.

Haya tuanze na yule mkongwe.

PAPA MKAVU NA TAA

Huyu ana sifa moja kubwa ambayo hakuna mwenzake mwenye nayo: hahitaji friza. Chumvi na jua vimemaliza kazi, anasafiri kwenye gunia juu ya lori, anakaa, na kipande kidogo kwenye mchuzi wa nazi kinatosha sufuria nzima. Ndo maana bara wamemzoea toka zamani. Kwa upande wa usafiri anashinda wote, hilo namkubalia.

Kwenye kuzaliana sasa, anashika mkia. Papa wengi wanachelewa kukomaa, wengine wanachukua miaka kumi na zaidi, mimba inakaa karibu mwaka au kupita, na watoto ni wachache, wala sio mayai mamilioni kama samaki wengine. Utafiti uliotoka 2021 ulionyesha kuwa papa na taa (yule samaki bapa) wa bahari kuu wamepungua kwa takriban asilimia 71 tangu 1970. Wale wa umbo la gitaa, tunaowaita papa ingawa ni jamii ya taa, ambao wanauzwa kavu bila mtu kujua ni nini, wengi wao wako kwenye hatari ya juu kabisa ya kutoweka. Na nyavu inayowakamata, jarife, lile la macho makubwa linaloachwa usiku kucha, haichagui, inabeba na kasa, na nguva, ambaye kwetu amebaki wa kuhesabika na anaonekana zaidi maeneo ya Rufiji na Mafia. Hata yule silikanti, samaki ambaye wanasayansi waliamini alishapotea mamilioni ya miaka iliyopita mpaka mmoja akavuliwa Afrika Kusini 1938, kule Tanga walianza kunaswa kwa wingi kwenye majarife kuanzia 2003 hivi, mpaka ikabidi ianzishwe hifadhi ya bahari kwa ajili yake 2009.

Kuna na suala la afya. Papa anakula samaki wanaokula samaki, kwa hiyo zebaki inajikusanya mwilini mwake. Mama mjamzito au anayenyonyesha, papa ampumzishe, na nduaro, yule wa mdomo mrefu kama mkuki, pia. Mi kwa papa uamuzi wangu ni mwepesi: kama bibi kaomba, mnunulie bibi kipande. Kwa matumizi ya kila wiki hapana.

Mafia kuna papa mwingine, potwe, yule mkubwa wa madoadoa anayekula vidudu vidogo vidogo vya majini. Huyo watu wanalipa pesa kwenda kuogelea naye pale Kilindoni, kuanzia Oktoba mpaka Machi hivi. Akiwa hai analipa kila msimu, hesabu ya hapo haihitaji daktari wa uchumi.

CHANGU, PONO, CHEWA: WALE WA MWAMBANI

Hawa ndo watu wa Dar wanawalilia. Watamu, ukimpaka changu ndimu na pilipili ukamchoma hakuna maneno. Ila ukimnunua Dodoma lazima ujue unalipia nini. Ametoka labda soko la Feri Dar, au Tanga, amekaa kwenye deli la barafu, amepanda basi au fuso usiku, ameingia friza la hapa, na umeme ukikatika huwa hatuambiwi friza lilikaa masaa mangapi bila umeme. Angalia macho, yawe yamejaa sio yamezama, mashavu yawe mekundu sio kahawia, bonyeza nyama irudi. Kama amegandishwa na kuna barafu nyingi chini ya mfuko yenye rangi ya damu, huyo alishayeyuka akagandishwa tena, achana naye. Hiyo treni ya umeme ya kutoka Dar iliyoanza kufika hapa 2024 inatumia kama masaa manne, na siku mtu akipanga biashara ya samaki wabichi kwa njia hiyo vizuri, hii aya itabidi iandikwe upya.

Upande wa bahari, miamba ya matumbawe imepitia mengi. Kwanza baruti. Uvuvi wa baruti ulikatazwa kisheria toka miaka ya 1970 lakini ukaendelea miongo na miongo, mlipuko mmoja unaua samaki wote mpaka vifaranga na kuvunja mwamba ambao ulichukua miaka mingi kujengeka, wengi wa samaki wanazama chini hata hawaokotwi. Baada ya msako mkali wa miaka ya 2015 na kuendelea milipuko ikapungua sana, na hili tulisifie maana tunapenda kulaumu tu. Pili joto. Mwaka 1998 El Niño ilipasha maji mpaka matumbawe yakawa meupe na mengi yakafa ukanda wetu wote, ikarudi 2016, na 2024 ikatangazwa kuwa dunia iko kwenye wimbi la nne la matumbawe kupauka. Bahari imemeza zaidi ya asilimia 90 ya joto la ziada tulilolizalisha, sasa mwambani ndo pa kwanza kulipa.

Ndani ya kundi hili kuna tofauti. Chewa mkubwa namuonea huruma zaidi, maana chewa wa aina nyingi anaanza maisha jike na akikua sana ndo anageuka dume, ukivua wakubwa wote umebakiza majike bila madume. Pono naye kazi yake ni kukwangua majani na uchafu juu ya mwamba ili matumbawe yapate pa kuota, ukimtoa pono mwamba unaota mwani. Kwa hiyo changu wa saizi ya sahani, sawa, siku ya sherehe. Chewa mkubwa wa kujionyesha kwa wageni, mi siungi mkono.

Siku moja nilimuuliza mama mmoja muuzaji, "Shikamoo mama, huyu wa mshipi au wa nyavu?" Akaniangalia. "Marahaba mwanangu. Huyu wa friza." Basi, kicheko, nikanunua vibua.

JODARI, NGURU, VIBUA: WALE WA MAJI MENGI

Hapa naona ndo pana chaguo zuri la bahari kwa mtu wa Dodoma, kwa sharti moja. Uzuri wake ni kwamba wanakimbia kwenye maji wazi, hawategemei mwamba, wanakua haraka, na wavuvi wetu wengi wa ngalawa na mashua wanawavua kwa mshipi au nyavu za kuelea. Vibua ndo wa bei ya watu na mafuta yake ni yale mazuri ya moyo na ubongo. Ila ujue vibua wengi waliogandishwa kwenye maboksi wanaweza kuwa wametoka nje ya nchi kabisa, kwa hiyo ukisema nanunua cha nyumbani, uliza boksi limeandikwa nini.

Jodari ana siasa zake. Tanzania ina bahari mpaka maili 200 za majini kutoka pwani, na humo ndani kwa miaka mingi jodari alikuwa akivuliwa na meli kubwa za kigeni zenye leseni, zinavuta kamba yenye ndoano maelfu, sisi tunapata ada. Kuna mamlaka ya bahari kuu iliyopo Zanzibar, kuna sheria mpya ya bahari kuu ya mwaka 2020, na sheria hiyo ilipitishwa wapi? Hapa hapa Dodoma bungeni. Wizara yenyewe ya mifugo na uvuvi iko hapa. Huwa nacheka kidogo kwamba bahari yote ya Tanzania bara inaamuliwa na mji ambao watoto wake wengi hawajawahi kuiona. Jodari wa mapezi ya njano kwenye Bahari ya Hindi amekuwa na presha kubwa ya uvuvi, kwa hiyo ukikuta yule mdogo, sehewa, chukua sehewa, anazaliana haraka zaidi na anakubali mchuzi vizuri tu.

Sharti sasa, na hili lisikilize kama hukusikiliza mengine. Jodari, sehewa, nguru, vibua, hawa wakikaa kwenye joto hata masaa machache kabla ya barafu nyama yao inatengeneza sumu inayoitwa histamini. Ukishaipata hiyo hakuna kupika kunakoiondoa, kaanga mpaka awe mkaa bado ipo, gandisha bado ipo. Dalili ni uso kuwa mwekundu, mwili kuwasha, kichwa, moyo kwenda mbio, wakati mwingine unahisi pilipili mdomoni na pilipili hukuweka. Mtu anasema nina aleji na samaki kumbe ni samaki aliyelala juani. Kwa hiyo kundi hili nunua kwa muuzaji mwenye friza la uhakika na mzunguko wa wateja, sio kwenye beseni saa nane mchana jua la Dodoma hili.

DAGAA

Kwa uaminifu, kama ningeruhusiwa chaguo moja tu ningeandika dagaa nikafunga simu. Wanazaliana kwa kasi, wanakua ndani ya mwaka, unawala wazima na mifupa yake kwa hiyo kalsiamu imo, wanakaa bila friza, wanapimwa kwa kopo hata mwenye buku anapata kitu. Swali ni dagaa gani.

Dagaa wa Mwanza ndo wa bei rahisi, na Ziwa Viktoria sasa hivi zaidi ya nusu ya uzito wote wa samaki wanaotolewa ni dagaa. Ubaya wake mchanga, maana wengi wanaanikwa chini. Wa kwenye vichanja ni wasafi zaidi, bei iko juu kidogo, lipia. Dagaa wa Kigoma watamu, wanene, bei yao wanaijua wenyewe. Ziwa Tanganyika limepata joto juu, maji ya juu hayachanganyiki vizuri na ya chini yenye mbolea, chakula cha dagaa kinapungua, na bahari nayo inaelekea huko huko. Samaki walivyopungua, 2024 uvuvi wa Tanganyika ulisimamishwa miezi mitatu, katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti. Dagaa wa baharini, wale weupe wembamba wa Zanzibar na pwani, dagaa mchele, wengi wanapita zao kwenda Kongo, ila hapa wanapatikana na wana madini joto ambayo bara tunayahitaji, ingawa siku hizi chumvi nayo inawekewa.

Ukichagua kati ya hao watatu kwa mfuko wa kawaida: Mwanza wa kichanja kwa wiki nzima, Kigoma Jumapili.

SATO NA SANGARA

Watu wanadhani wakikimbia bahari wakala ziwa basi dhamira iko safi. Sangara hakuwa wa Ziwa Viktoria. Alipandikizwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, miaka ya 1980 akalipuka, na furu, wale samaki wadogo wa kienyeji, aina mamia, wengi wakatoweka. Baadaye minofu ikawa inapanda ndege kwenda Ulaya, watu wa pale wakabaki na mapanki, yaani mifupa na vichwa, na siku hizi bondo la sangara, lile puto la ndani, linakwenda China kwa bei ambayo nyama yake haioni ndani. Sato naye alipandikizwa. Sasa hawa wapo na hawaondoki, kwa hiyo kumla sangara sio dhambi, ukitaka unaweza kusema ni kulipiza kisasi kwa niaba ya furu.

Kwa Dodoma sato anakuja kwa barabara ya Singida, umbali wake ni mrefu kuliko wa Dar, kwa hiyo habari ya kusema ziwani ni freshi kuliko baharini haina msingi. Siku hizi sato wengi ni wa vizimba, wamefugwa humo humo ziwani. Faida yake saizi moja, anapatikana mwaka mzima. Kasoro ni chakula chake: kwenye chakula cha samaki wa kufuga mara nyingi kuna dagaa waliosagwa, yaani unachukua samaki ambao maskini angewala ukamlisha samaki wa mwenye pesa. Wa kufugwa anayelishwa zaidi pumba na mashudu ni bora, na perege na kambale wanaweza hilo.

MTERA, HOMBOLO, BAHI

Huyu ndo jirani. Perege wa Mtera anavuliwa usiku, asubuhi anapanda gari la njia ya Iringa, mchana yuko mjini. Kwa ubichi hakuna wa kushindana naye hapa, labda wa bwawa la Hombolo ambaye ni karibu zaidi ila ni wachache, na kambale wa Bahi mvua zikinyesha vizuri. Aina ya perege wa mto Rufiji ni wa asili ya mto huo, Mtera iko juu ya Ruaha Mkuu ambao unaingia Rufiji, hajamhamisha mtu.

Ubaya ni ukame. Mtera ni bwawa la umeme, maji yakishuka kama ilivyotokea 2015 mpaka mitambo ikazimwa, samaki wanabanana kwenye maji machache na wanavuliwa wadogo wadogo wa saizi ya kiganja. Hao wa kiganja usinunue hata wakiwa kwa fungu la bei ya kutupa, ndo wazazi wa mwakani.

Na wale wanaosema ya baharini hayatuhusu: maji ya Mtera yanashuka mpaka delta ya Rufiji kwenye mikoko mikubwa kuliko yote nchini, ndipo kamba wanapokulia, na mbele yake ndo Mafia. Maji ya Hombolo yanakwenda Kinyasungwe, Wami, yanatokea baharini Saadani. Chupa ya maji ukiitupa kwenye mtaro wa mjini Januari mvua ikiwa kubwa, ina safari ndefu mbele yake.

PWEZA

Nimemuweka mwisho kwa sababu ndo anaongoza foleni za jioni. Kwenye kuzaliana pweza yuko pazuri: anaishi mwaka mmoja au zaidi kidogo, jike anataga mara moja mayai maelfu kwa maelfu, anayalinda bila kula mpaka yaanguliwe, halafu anakufa. Anakua haraka mno. Kwa hiyo vijiji kadhaa vya Pemba, Mafia na Songosongo vikachukua utaratibu ulioanzia Madagaska 2004, kufunga kipande cha mwamba miezi mitatu hivi, siku ya kufungua wanatoka pweza wa kilo kadhaa badala ya vile vya kuning'inia kama soksi. Wanaonufaika moja kwa moja ni pamoja na kina mama wanaotembea mwambani maji ya bamvua yakitoka, na fimbo zao. Kwa hiyo supu ya pweza endelea nayo, ila ukinunua mbichi chukua mkubwa, usichukue wa chini ya nusu kilo.

Kwa familia ya watu sita na mshahara wa kawaida, mi ningepanga hivi: dagaa mara nyingi, perege wa Mtera wikendi, vibua au sehewa mara mojamoja kutoka friza la uhakika, changu siku ya Idi au Krismasi. Mwenye mtoto anayeanza kula, dagaa wa kusaga kwenye uji, safisha mchanga kwanza. Mwenye presha ya moyo, vibua bila kukaanga. Mgeni akija kutoka Dar usihangaike kumtafutia kolekole, kwao wapo na ni wabichi kuliko wako. Mpe perege wa Mtera, mlenda na ugali wa uwele, na kama mlenda unamshinda kumeza, kuna nyama choma kila kona.